Rasiberi Nyeusi na Nyekundu: Kila Moja na Malezi Yake

Mwezi huu naomba mniruhusu niache kidogo habari za chanjo na uji wa watoto, tuzungumze juu ya tunda.

Nimepokea barua ndefu kutoka kwa mama mwenzetu anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio huko Marekani. Yeye ni mzaliwa wa Njombe, ana watoto watatu, na gazeti hili dada yake humpelekea kila apatapo msafiri. Anasema walipohamia katika nyumba yao walikuta nyuma, kando ya ua, mistari miwili ya mimea yenye miba. Mstari mmoja ulizaa matunda mekundu na wa pili ulizaa meusi. Majirani wakamwambia zote hizo ni rasiberi. Basi mama akazilea zote kwa namna moja kama mtu aliyejaliwa mapacha: mbolea ileile, maji yaleyale, na mwisho wa kipupwe mume wake akazikata zote chini kabisa kwa siku moja. Mwaka uliofuata nyekundu zilijaa hata zikaingia kwenye tuta la mchicha. Nyeusi hazikutoa hata kikombe kimoja, na mashina mawili yakakauka moja kwa moja.

Sasa baba wa nyumba anataka kuzing'oa zile nyeusi. Mama anakataa, kwa sababu amesikia kwamba unga wa rasiberi nyeusi huponya kansa ya koo, na mama yake mzazi kule Njombe ana miezi miwili ugali unamkwama. Anauliza mambo matatu. Walikosea wapi? Ipi iliyo bora kati ya hizo mbili? Na je, anaweza kumtumia mama yake unga huo, au hata vipandikizi apande mwenyewe?

Hilo la mama yake halikuweza kungoja gazeti lichapwe. Nilimpigia simu jioni ileile, na hapa chini nitaeleza niliyomwambia, maana huenda si yeye peke yake mwenye mzazi wa namna hiyo. Kwanza tuingie bustanini.

Ndugu, lakini si mapacha

Kwa wale ambao hawajaiona, rasiberi ni tunda dogo lisilozidi ncha ya kidole gumba, lililoundwa na vipunje vingi vyenye maji, na kila kipunje kina mbegu yake. Ukilichuma, kitovu chake cheupe hubaki kwenye mmea na tunda hubaki na tundu ndani, mfano wa kastabini ya fundi cherehani. Hapo ndipo linapotofautiana na blakiberi, ambayo hutoka pamoja na kitovu chake. Wala si forosadi, maana forosadi ni mti mkubwa usio na miba. Wenzetu waliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Usambara au Nyanda za Juu Kusini wanazifahamu jamaa zake za porini, zile ambazo watoto hurudi nazo kutoka kuchota maji wakiwa na midomo ya rangi na sketi zilizochanika.

Nyeusi ambayo dada yetu anayo, wataalamu huiita Rubus occidentalis, na asili yake ni huko huko mashariki ya Amerika Kaskazini. Huota yenyewe pembezoni mwa misitu na kando ya ua za mashamba. Nyekundu ni ukoo mwingine wa jamii hiyohiyo, asili yake Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Ukizitazama kwa makini huwezi kuzichanganya hata kabla hazijazaa. Fito za nyeusi zina rangi ya zambarau iliyofunikwa na vumbi jeupe linalofutika kwa kidole, zinainama kama upinde, na miba yake ni migumu na imepinda kama kucha za paka. Fito za nyekundu husimama wima zaidi, na miba yake mingi ni midogo kama nywele ngumu.

Lakini kwenye tunda mtu anaweza kukosea, na mimi nilikosea. Mwaka 2017 nilikaa kwa mdogo wangu katika jimbo hilohilo la Ohio. Mwishoni mwa Juni nikapewa bakuli, nikaambiwa, "Dada, nenda kachume rasiberi." Nikachuma zote nyekundu, nikaziacha nyeusi nikidhani zimeoza. Kumbe mmea ulikuwa wa nyeusi! Tunda lake huanza kijani, likawa jekundu, ndipo likaiva na kuwa jeusi. Nililolibeba bakuli zima lilikuwa bichi, chachu ya kukunja uso. Ninalojilaumu zaidi ni kwamba nilikuwa nalazimika kuyavuta kwa nguvu. Rasiberi iliyoiva haivutwi. Ukiigusa tu inakudondokea mkononi.

Moja hutambaa chini, nyingine huinama

Ukitaka kuelewa malezi ya mimea hii, angalia jinsi inavyozaliana. Nyekundu hupeleka mizizi yake chini kwa chini, kisha machipukizi huibuka hatua moja au mbili kutoka kwenye shina mama, kwenye njia, kwenye mchicha, popote. Nyeusi haifanyi hivyo. Shina lake hukaa pale pale lilipopandwa. Ila fito zake ndefu zinapoinama mwishoni mwa majira ya joto, ncha inagusa ardhi, inaingia kwenye udongo na kutoa mizizi. Hivyo hutembea kwa kuinama.

Kwa hiyo nyekundu unaipata kwa kuchimba chipukizi lenye mizizi yake. Nyeusi unaipata kwa kufukia ncha ya ufito kiasi cha sentimeta 5 hadi 10 mwishoni mwa Agosti, ukaweka jiwe juu isichomoke. Majira ya kuchipua yanayofuata, unakata ufito na kuhamisha mche mpya. Hata nafasi zinatofautiana. Nyeusi ipewe sentimeta 90 hadi 120 kutoka shina hadi shina. Nyekundu zinaweza kupandwa sentimeta 60, maana zenyewe zitajaza mstari. Kati ya mstari na mstari acha mita 2.5 au 3 upate kupita bila kuchanwa.

Sasa tuje kwenye panga la baba.

Fito za rasiberi huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza ufito huchipuka na kukua. Mwaka wa pili huchanua, huzaa, kisha hufa, na wakati huo fito nyingine mpya zimekwisha kutoka kwenye shina. Hiyo ndiyo desturi. Lakini ziko aina za nyekundu zinazozaa kwenye ufito wa mwaka uleule wa kwanza. Inayojulikana sana ni Heritage, iliyotolewa mwaka 1969 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, jimbo la New York. Ukiikata yote chini mwisho wa kipupwe huharibu kitu. Itachipuka upya na kuzaa kuanzia Agosti hivi hadi jalidi ya kwanza ianguke. Kwa jinsi dada yetu anavyoeleza, sina shaka mstari wake mwekundu ni wa namna hiyo.

Nyeusi karibu zote hazina kipawa hicho. Siku hizi ipo Niwot, iliyopatikana Colorado, ambayo huzaa mwaka wa kwanza, lakini aina zilizozoeleka kama Bristol ya mwaka 1934 na Jewel ya mwaka 1973, zote za Geneva, huzaa kwenye ufito wa mwaka wa pili tu. Kwa hiyo baba alipofyeka kila kitu kabla ya majira ya kuchipua, alifyeka mavuno ya mwaka mzima, sawa na mtu anayefyeka mahindi yakiwa kwenye mbelewele kwa kudhani ni majani. Simlaumu. Kwa upande wa nyekundu alifanya jambo jema kabisa. Ndiyo maana kazi ileile, ya mkono uleule, siku ileile, ilileta neema mstari huu na njaa mstari ule.

Nyeusi hupogolewa mara tatu kwa mwaka. Mara ya kwanza ni wakati wa joto, ufito mpya unapofikia sentimeta 60 hadi 75. Hapo unaikata ile ncha changa, kiasi cha sentimeta 8 hadi 10. Ufito ukikosa ncha hutoa matawi ya ubavuni, na hayo matawi ndiyo yatakayobeba matunda mwakani. Itakubidi upite mara mbili tatu, maana fito hazikui kwa pamoja. Mara ya pili ni baada ya kuvuna: fito zilizokwisha kuzaa zikatwe hadi chini zitolewe kabisa shambani, zisikae kuambukiza. Mara ya tatu ni mwisho wa kipupwe, kama Machi kwa huko Ohio. Kila shina liachiwe fito 4 hadi 6 zilizo nene, na matawi ya ubavuni yafupishwe yawe sentimeta 20 hadi 30. Mkono utasita kukata hivyo, lakini matunda yanakuwa makubwa.

Nyekundu usiikate ncha wakati wa joto. Yake ni kupunguza tu. Ondoa zilizokufa na zile nyembamba, acha sentimeta 10 hadi 15 kati ya ufito na ufito, na mstari usizidi upana wa sentimeta 45. Machipukizi yanayotoroka yang'oe mapema, kabla hayajashika mizizi. Zote mbili hupenda jua la kutosha, udongo usiotuamisha maji, samadi iliyooza vizuri na matandazo ya majani. Waya uliokazwa kwenye nguzo mbili huzisaidia kusimama, hasa nyekundu zikiwa na mzigo.

Nani aliua mashina mawili?

Hapa siwezi kutoa hukumu bila kuona, lakini barua ina dalili mbili. Ya kwanza ni kwamba pale kando yake walikuwa wamelima nyanya na biringanya. Mimea hiyo, pamoja na viazi mviringo na pilipili, huacha ardhini kuvu inayoingia kwa mizizi na kuziba njia za maji, mmea ukanyauka upande mmoja kisha wote. Kuvu hiyo hukaa kwenye udongo miaka mingi. Nyekundu huweza kuivumilia kiasi. Nyeusi haina nguvu hiyo.

Ya pili ni ujirani wenyewe. Mtaniwia radhi nikitumia mfano wa kazini. Tunajua wapo watu wanaobeba vijidudu vya homa ya matumbo bila kuumwa wao wenyewe, nao wakipika chakula huwaangusha wengine. Rasiberi nyekundu ndivyo ilivyo kwa baadhi ya virusi vya mimea. Inavibeba, inaendelea kuzaa, humtambui. Vidukari wakimnyonya huyu kisha wakaruka kwa mweusi, mweusi ndiye anayeanguka. Wataalamu wa Marekani hushauri nyeusi zikae angalau futi 75 hadi 100 kutoka kwenye nyekundu, yaani mita 23 hadi 30. Za dada yetu ziko hatua tatu. Virusi havina dawa. Mmea uliopata hung'olewa na mizizi yake.

Kuna na ugonjwa mwingine wa kuufahamu. Majira ya kuchipua, ukiona machipukizi ya nyeusi ni membamba, yamepauka, na chini ya majani kuna unga wa rangi ya chungwa unaong'aa, hiyo ni kutu. Imeingia mwili mzima wa mmea, na kukata majani hakusaidii. Ng'oa shina zima siku hiyohiyo, kabla unga huo haujapeperuka. Nyekundu haipati kutu hiyo kabisa.

Kwa sababu hizo namsihi dada yetu asichukue miche ya bure kwa jirani, hata akipewa kwa upendo. Anunue kwenye kitalu kinachouza miche iliyopimwa virusi. Na asiirudishe palepale. Apande upande mwingine wa nyumba, mbali na nyekundu kadiri kiwanja kinavyoruhusu, mahali ambapo hapajalimwa nyanya kwa miaka minne au zaidi.

Ipi iliyo bora?

Kama kiwanja kinatosha aina moja tu na kuna watoto wanaotaka kupita na kuchuma, nyekundu inayozaa mwaka wa kwanza haina usumbufu na huzaa kwa wiki nyingi. Nyeusi ina msimu mfupi, wiki mbili au tatu hivi kuanzia mwisho wa Juni kwa Ohio, na usipochuma ndege watakushukuru. Pia kipupwe kikali sana huiumiza kuliko nyekundu.

Kwa ladha, mimi nipe nyeusi. Nyekundu ina uchachu mzuri na harufu kali, lakini nyeusi ina utamu mzito, kama umechanganya zabibu na kitu cha porini. Mbegu zake ni nyingi, hilo nakubali. Kwa jemu, chemsha matunda kidogo, pitisha nusu yake kwenye chekecheo kutoa mbegu, kisha rudisha jikoni na sukari na maji ya limau. Na uvae aproni ya zamani! Madoa yake hayatoki. Matunda yasioshwe hadi wakati wa kula, maana yakilowa huota ukungu upesi, na kwenye friji hayazidi siku mbili tatu.

Kwa mwili zote ni chakula chema. Gramu 100 za nyekundu zina kalori 52 tu, nyuzinyuzi gramu 6.5 na vitamini C miligramu 26. Nyuzinyuzi hizo ni nyingi kwa tunda, na akina mama wajawazito wanaosumbuliwa na choo kigumu watanielewa. Nyeusi huizidi nyekundu mara kadhaa kwa ile rangi yenyewe ya zambarau nzito, na ni rangi hiyo iliyowavuta watafiti. Hapo ndipo lilipoanza neno lililomfikia dada yetu.

Ugali unapokwama

Habari yenyewe haikuzuka hewani. Katika mji huohuo wa Columbus, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya rasiberi nyeusi zilizokaushwa kwa baridi na kusagwa. Mwaka 2001 walitangaza kwamba panya waliopewa kemikali ya kuleta kansa ya umio, wakalishwa chakula chenye asilimia 5 au 10 ya unga huo, walipata uvimbe mchache kuliko wasiolishwa. Nasema mchache; sisemi hawakupata. Tena hao walikuwa panya, na unga huo ulikuwa sehemu ya kila walichokula. Baadaye watu wenye mabadiliko ya umio yatokanayo na asidi walipewa unga huo kila siku kwa miezi 6, wanawake gramu 32 na wanaume gramu 45. Yapo mambo fulani katika mkojo yaliyobadilika kwa uzuri, lakini sehemu iliyobadilika ya umio haikupona. Huo ni utafiti wa kuzuia, nao haujafika mwisho. Hakuna mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba unga wa rasiberi huondoa kansa iliyokwisha kuota.

Kwa hiyo nilimwambia dada yetu hivi: fedha za kununua na kutuma unga, tuma leo kama nauli ya mama kwenda hospitali.

Akina mama, naomba hapa mnisikilize kama mnavyonisikiliza kliniki. Mtu mzima ambaye nyama au ugali unamkwama kifuani, ambaye anashushia kila tonge kwa maji, kisha akaanza kupendelea uji, kisha hata uji ukawa shida, na nguo zinampwaya, huyo hangojewi. Kansa ya umio ni miongoni mwa kansa zinazoonekana sana katika ukanda huu wa mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya kushuka hadi Malawi. Si kila anayekwamwa ana kansa. Yawezekana ni kovu la asidi ya tumbo, au fangasi kwa mtu ambaye kinga imepungua, na hayo yanatibika. Lakini huwezi kutofautisha kwa macho. Inatakiwa apitishiwe kipimo cha kamera kooni na kukatwa kinyama kidogo cha kupima. Kwa watu wa Njombe, hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya. Wiki sita za kujaribu unga, wiki nyingine sita za kujaribu mizizi, ndizo zinazotuletea wagonjwa ambao tunaweza tu kuwapunguzia maumivu.

Na kama mnataka kinga iliyo jikoni kwenu tayari, acheni chai ipoe kidogo. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vinaleta kansa ya umio. Wazee wetu wanaosifia chai "inayochoma" waambiwe kwa heshima. Sigara na pombe zimo katika orodha hiyo tangu zamani.

Nigusie na chai ya majani ya rasiberi nyekundu, maana dada yetu ameandika kwamba wenzake huko huitumia ili kurahisisha uzazi. Mwaka 2001 ulitangazwa utafiti wa Sydney, Australia, kwa wanawake 192 waliokuwa na mimba ya kwanza, wakipewa vidonge vya majani hayo kuanzia wiki ya 32. Havikuonekana kuwadhuru, lakini pia havikufupisha ile hatua ndefu ya kwanza ya uchungu. Ukiwa na mimba changa usinywe, na hata mimba ikiwa kubwa, mwambie kwanza mkunga wako.

Je, vipandikizi vya Njombe?

Hapana. Nyeusi ya Ohio inahitaji kulala usingizi wa kipupwe, mamia ya saa za baridi, ndipo ichanue sawasawa. Baridi ya Njombe ya Juni na Julai tunaijua, hata sweta mbili hazitoshi, lakini mchana jua linatoka na mmea haulali. Tena kuingiza mche mkobani ni kosa. Mimea hupita kwa kibali na cheti cha afya ya mimea, na kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Baada ya kusoma habari za virusi na kutu hapo juu, nadhani hamtauliza kwa nini.

Iko nyeusi nyingine inayovumilia nchi zetu, ile ya Mysore, asili yake India na nchi jirani, ambayo huzaa bila kipupwe. Katika nyanda za juu za Kenya imezoeleka siku nyingi. Nayo huinama na kuotesha ncha kama ile ya Ohio, ina miba ya kutisha, na ndege hula matunda na kueneza mbegu porini. Katika visiwa vya Galápagos imefunika maeneo makubwa na kuwashinda wanaohifadhi mimea ya asili. Anayeikuta imekwisha kuota uani kwake aichume na kuipogoa bila kuacha ncha ziguse ardhi. Kuileta mahali ambapo haipo, na hasa karibu na msitu, mimi sishauri.

Nilipokuwa namalizia ukurasa huu dada yetu alinipigia. Mama yake amefikishwa Mbeya na mwanawe wa mwisho, kipimo cha kamera kimefanyika, na wanangoja majibu ya kinyama. Mpaka sasa anameza uji na maziwa. Kuhusu bustani, baba amekubali kuacha panga hadi Machi. Nyeusi mpya watapanda upande wa mashariki wa nyumba, miche sita, na katika zile za zamani wataacha fito zote za mwaka huu zisimame waone kama kuna shina lililo zima.